Mwenye Leseni

Ijumaa hiyo, saa nane na nusu mchana, Chepchirchir alikuwa amefika kituo cha tisa, na hakuwa ameinuka kwenye kiti tangu asubuhi. Kufika kituo cha tisa ni kusema kwamba alikuwa amefungua tovuti ya tisa, akaivua theme yake ya zamani, akaivisha mpya, akasubiri mtandao unaotembea kama mgonjwa, akakagua, akafunga. Zilibaki kumi na nne. Mvua ya mawe ilikuwa inapiga mabati, na jikoni Rodah alikuwa anachuja chai ya saa tisa kabla ya wakati kwa sababu ya baridi.

Theme ni vazi la tovuti: rangi zake, herufi zake, mahali picha inapokaa. Zipo za bure, na hizo hujisasisha zenyewe kama nyasi zinavyoota. Za kulipiwa zina maringo. Lazima uende kwa muuzaji, uonyeshe leseni, upewe faili, uje uipakie mwenyewe, tovuti moja baada ya nyingine. Na muuzaji wa theme hii alikuwa anatoa toleo jipya kila Ijumaa, hakosi, utadhani aliapa.

Kiwanda cha Chai cha Kapchemolel kina vituo ishirini na vitatu vya kununulia majani, na kila kituo kina tovuti yake. Usiulize kwa nini. Mwenyekiti mmoja alisikia kwamba kiwanda jirani kina tovuti moja, akasema basi sisi tutakuwa nazo ishirini na tatu. Wajumbe wakapiga makofi na jambo likaisha. Kila tovuti ina ratiba ya lori na, juu yake, picha ya mwenyekiti akitabasamu. Theme isiposasishwa, picha ile hushuka taratibu na kukalia ratiba. Mkulima anashinda kituoni na magunia yake bila kujua lori linakuja saa ngapi, majani yanapata joto, yanageuka mekundu, na karani anayakataa. Kisha mkulima anampigia Chepchirchir simu, wala hampigii kumsalimia.

Hayo yote Chepchirchir angeyavumilia. Alichoshindwa kuvumilia ni Siongiroi. Binti yake Chepkemoi, wa miaka minne, aliishi huko na nyanya yake, na gari la mwisho linaloweza kumfikisha Chepchirchir kabla ya giza hutoka saa kumi na nusu. Tovuti ishirini na tatu zilimla Ijumaa nzima na Jumamosi hadi mchana. Alikuwa anafika nyumbani Jumamosi jioni amechoka kama punda, na Jumapili baada ya kanisa anarudi kazini. Mwezi wa pili, mtoto alimwona mlangoni, akamkimbilia nyanya yake na kusema, "Kogo, anti amekuja." Watu wakacheka, na Chepchirchir akacheka nao. Iliuma, jamani. Alienda nyuma ya nyumba akajifanya anatafuta kuni.

Ndipo alipojifundisha ile skrini nyeusi ya kompyuta, isiyo na picha wala vitufe, ambapo unaandika amri na mashine inatii. Kwa wiki tatu alikula chakula cha mchana huku anaandika. Alitaka amri moja tu. Iende kwa muuzaji, ichukue theme, izunguke vituo vyote ishirini na vitatu, ivue, ivishe, ikague, ifunge. Ifanye hivyo kila Ijumaa saa kumi kamili huku yeye anafunga mkoba. Na Ijumaa hiyo ya mvua ya mawe, kwa hasira, aliachana na kituo cha kumi, akafungua skrini nyeusi na kuijaribu.

Amri ilikwenda vizuri hadi mstari wa nne, ikasimama. Ikaandika: *Taja mwenye leseni.*

Kwenye faili la ofisi mwenye leseni alikuwa Kipruto, mpwa wa mwenyekiti, anayekaa Nairobi. Ukutani kulikuwa na cheti chake ndani ya fremu: Mbunifu wa Tovuti Zetu. Chepchirchir akaandika Kipruto. Mashine ikajibu: *Siye.*

Akampigia simu.

"Sema, Chep."

"Kipruto, hii leseni ya theme iko kwa jina gani?"

"Langu. Si iko kwa faili?"

"Imekataa."

"Weka na jina la baba."

"Nimeweka. Nimeweka hata la kanisani."

"Basi mashine yenu ni mbovu. Hiyo kazi nilifanya mimi, kila mtu anajua." Akasema yuko kwa mkutano, akakata.

Chepchirchir alimwandikia muuzaji. Muuzaji akajibu haraka, kwa adabu nyingi, kwamba jina la mwenye leseni linaweza kutajwa au kubadilishwa na mwenye leseni peke yake. Akaweka kichwa mezani. Rodah alimkuta hivyo alipoleta chai.

Rodah alikuwa amewapikia chai watu wa ofisi ile kwa miaka kumi na tisa. Nyumbani kwao alikuwa ameita majina ya watoto wachanga zaidi ya arobaini. Kwa Wakipsigis, mtoto akizaliwa wanawake humzunguka, wakamnusisha ugoro kidogo, na kutaja wafu wa ukoo mmoja mmoja. Yule ambaye mtoto atampigia chafya ndiye aliyerudi, na jina ni lake. Rodah alikuwa amekosea mara moja tu, na hao walikuwa mapacha.

"Imekataa nini?" akauliza.

"Jina, kogo. Inataka mwenyewe."

"Umeiita nani?"

"Kipruto."

"Lakini Kipruto yuko hai."

"Ndiyo."

"Wee! Sasa unaiitaje jina la mtu aliye hai? Hata mtoto angekataa." Akafungua kikopo cha ugoro kilichokuwa kwenye mfuko wa aproni. "Iko wapi hiyo mashine yenyewe?"

Mashine yenyewe, seva inayobeba tovuti zote, ilikaa mle mle stoo alimofanyia kazi Chepchirchir, chini ya rafu ya mafaili, imefunikwa kitambaa cha kushonwa kwa mkono. Rodah alikitoa kitambaa, akachuchumaa, akaweka ugoro kidogo mahali feni inapovutia hewa. Alianza na wenye nyumba, kama inavyotakiwa. Alimwita mwenyekiti wa kwanza, na wa pili, na wa tatu. Akamwita mzee aliyetoa shamba la kujenga kiwanda, na meneja aliyekufa akiwa kazini, na babu yake Kipruto, kwa kujaribu tu. Feni ikaendelea kuzunguka.

"Wamekwisha," akasema Rodah. "Nyumba hii haina wafu wengine."

Chepchirchir alikuwa ameshika kikombe. Kilikuwa cha bati, cha bluu, kwa sababu vile vingine vilikuwa havijaoshwa, na chini yake mtu alikuwa amekwaruza jina kwa msumari. Akakiinua juu ya kichwa kusoma. AMONDI.

"Na huyu, kogo?"

"Huyo hakuwa wa hapa. Alikuwa mtu wa kutoka ziwa."

"Alifanya kazi wapi?" akauliza Chepchirchir, ingawa jibu alilijua.

"Hapa stoo."

"Miaka mingapi?"

"Sita."

"Kazi gani?"

"Si ni hizo tovuti," akasema Rodah. Akakitazama kikombe, ambacho alikuwa amekiosha kila siku kwa miaka mitatu tangu mwenyewe afe. "Aa. Tulianza vibaya." Akaongeza ugoro, akainamia feni na kuita, "Amondi."

Mashine ikapiga chafya tatu. Vumbi lilitoka kwa nguvu likatua kwenye mafaili ya mwaka wa juzi. Rodah akapiga vigelegele, si kwa sauti kubwa, lakini jina likikubaliwa lazima vipigwe. Nyamwange, mhasibu, akachungulia kutoka chumba cha pili akauliza nani amejifungua. Wakamweleza. Akasema hongera, akarudi kazini.

Kwenye skrini kulikuwa na mstari mpya: *Barua yangu imetoka? Ndiyo au hapana.*

Hakuna mtu kiwandani ambaye hakujua ni barua gani. Amondi alikuwa ameajiriwa kwa mkataba wa mwezi mmoja, na mwezi ukiisha akapewa mwingine, na mwingine, kwa miaka sita. Kila mwisho wa mwezi alikuwa anaenda kwa meneja Johana kuuliza kama barua yake ya ajira ya kudumu imetoka, na Johana alimjibu, "Iko mezani." Msimu mmoja wa mvua nimonia ilimpata, akafa siku ya Alhamisi. Lori la kiwanda husafirisha maiti za waajiriwa wa kudumu tu. Amondi alipelekwa kwao kwa pikapu ya mtu wa mahindi, tena baada ya kushusha mahindi.

Chepchirchir hakuwa mtu wa uongo. Akaandika: *Hapana.*

*Nitasubiri,* mashine ikajibu. Kishale cha kuandikia kikabaki kinapepesa.

Kilipepesa siku hiyo, na Jumamosi, na Jumatatu. Hata ile njia ya mkono ilifungwa. Alipoenda kwa muuzaji kuchukua faili kama zamani, ukurasa ulimwambia: *Mwenye leseni yupo. Msubiri.* Ijumaa ya pili picha ya mwenyekiti ilianza kushuka katika vituo vyote kwa pamoja. Ijumaa ya tatu ilifunika ratiba hadi saa za mchana. Chepchirchir, badala ya kusasisha tovuti, sasa alikuwa anakaa na simu mbili hadi Jumamosi jioni, akiwatajia wakulima saa za lori kituo kwa kituo, huku wakimtajia majani yaliyoharibika. Mkulima mmoja alimweleza mpaka jina la ng'ombe aliyekula yale majani.

Alikuwa ameshaenda kwa meneja.

"Mzee, Amondi anauliza barua yake."

Johana hakuinua uso. "Amondi yupi?"

"Wa tovuti."

"Yule aliyekufa?"

"Huyo."

"Alikuwa ananisumbua hivyo hivyo kila mwisho wa mwezi." Akafunga kalamu. "Ajira ya kudumu ina utaratibu, Chepchirchir. Lazima aje kwa usaili yeye mwenyewe na kitambulisho. Lazima daktari ampime. Na hata hivyo, asiyekuwepo na lake halipo."

"Yupo, mzee. Yuko stoo."

Johana alifikiri. Kwa mambo ya utaratibu hakuwa mtu mbaya. "Basi aandike maombi."

Amondi aliandika maombi. Printa ya koridoni, ambayo haikuwa na wino tangu Pasaka, ilitoa ukurasa mmoja safi usio na kosa. Johana aliusoma wote, akaupiga muhuri wa IMEPOKELEWA, akauweka kwenye trei ya kushoto. Wiki iliyofuata Chepchirchir aliuliza umefika wapi. "Uko mezani," akasema Johana, na haukuwa uongo, ulikuwa unaonekana.

Bodi ilipokutana, mwenyekiti alisema mambo ya marehemu ni ya kamati ya ustawi. Kamati ya ustawi ikasema inahudumia wanachama, na mwanachama ni mtu mwenye barua ya kudumu. Chepchirchir akaomba kamati iandike hivyo ili apeleke maandishi hayo kwa bodi. Kamati ikasema itaandika. Akaambiwa njoo kesho, akaenda kesho, akaambiwa njoo kesho. Haki ya Mungu, mtu anaweza kuota mvi kwenye koridoni ile, na hakuna atakayemuuliza anangoja nini.

Kisha Johana akamwita mwenyewe.

"Mkutano mkuu wa wakulima ni Jumanne. Nisione uso wa mwenyekiti juu ya ratiba, hata kwa kituo kimoja. Mkataba wako unaisha lini?"

"Mwisho wa mwezi, mzee. Kama kawaida."

"Basi unaelewa." Akamtazama kwa huruma ya kweli. "Kwani si umjibu tu ndiyo? Ni neno moja."

Jumapili hiyo kule Siongiroi, Chepkemoi hakumwita anti. Hakumwita kitu. Alijificha nyuma ya sketi ya nyanya yake, akachungulia kwa jicho moja. Chepchirchir alikuwa amebeba peremende mkononi, na mkono ukabaki umenyooshwa hadi ukachoka.

Jumatatu alienda stoo. Rodah alikuwa ameweka kikombe cha bluu karibu na mashine, kimejaa chai, kama alivyofanya kila siku tangu ile chafya.

"Jina lililoitwa halidanganywi," akasema Rodah. Alilisema kwa upole, kwa maana aliona uso wake.

"Nifanye nini, kogo? Niambie wewe. Nimeenda kwa meneja, nimeenda kwa bodi, nimeenda kwa kamati. Mtoto wangu hanijui!"

Rodah alichukua kitambaa. Alipangusa rafu iliyokuwa safi.

Chepchirchir akaandika: *Ndiyo.*

*Nisomee,* mashine ikaandika.

Hilo hakulitarajia, lakini maneno hakuyatafuta. Alikuwa nayo. Naye pia alikuwa wa mkataba wa mwezi mmoja, mwaka wa tatu sasa, tangu siku alipokalishwa kwenye kiti cha Amondi, na barua hiyo alikuwa ameisoma kichwani mara nyingi kuliko Baba Yetu. Alibadilisha jina tu. *Mpendwa Amondi. Tunafurahi kukujulisha kwamba kuanzia leo wewe ni mwajiriwa wa kudumu wa kiwanda hiki. Kazi uliyoifanya tumeiona, na tunajua ni yako. Ukiugua tutakuuguza. Ukifa, lori la kiwanda litakupeleka kwenu, na tutakusindikiza.* Chini akaweka jina la Johana.

Kishale kilipepesa mpaka chai ya kwenye kikombe ikafanya utando.

*Johana hajawahi kuandika vizuri hivi,* mashine ikaandika.

Kisha ikapiga chafya tatu, na majina ya vituo yakaanza kupanda kwenye skrini moja baada ya jingine: kimevuliwa, kimevishwa, kimekaguliwa. Vituo ishirini na vitatu, dakika kumi na moja. Chepchirchir alifurahi na aliona aibu, vyote kwa mara moja. Furaha alijua pa kuipeleka. Rodah alichukua kikombe akaenda kukiosha, na alikiosha kwa muda mrefu.

Mkutano mkuu ulikwenda vizuri. Ratiba zilionekana, mwenyekiti alibaki juu mahali pake. Kipruto alikuja kutoka Nairobi akapewa cheti cha pili, kikubwa kuliko cha kwanza, kwa kuzifanya tovuti zijisasishe zenyewe. Alipokuwa anashukuru, chafya tatu zilisikika kutoka upande wa stoo hadi ukumbini. "Pole," akasema mwenyekiti kwa kipaza sauti, na hotuba ikaendelea. Siku mbili baadaye Johana alimwita Chepchirchir, akampongeza, akamwongezea mkataba wa mwezi mmoja. Maombi ya Amondi yalikuwa bado kwenye trei ya kushoto. Mtu alikuwa ameweka juu yake sampuli ya mbolea.

Ijumaa iliyofuata Amondi aliuliza tena. Aliuliza maneno yale yale, *Barua yangu imetoka?*, kama alivyokuwa anauliza kila mwisho wa mwezi enzi zake. Chepchirchir akaelewa kwamba ataulizwa kila Ijumaa. Akaihifadhi ile barua kwenye faili yake, akaongeza mistari miwili kwenye amri: ikiulizwa, ijibu ndiyo, ikiambiwa isome, isome. Kuanzia hapo kazi ikajiendesha. Saa kumi kamili swali linatoka, uongo unajibu, mashine inapiga chafya, vituo vinavaa. Yeye alikuwa tayari ameshavaa sweta.

Alifika Siongiroi jua likiwa juu ya miti. Ijumaa ya kwanza mtoto alimtazama. Ya pili alipokea peremende. Ijumaa ya nne alikuwa anacheza barabarani na wenzake, akamwona akishuka, akapaza sauti, "Mama ameleta mkate!" Chepchirchir hakuwa ameleta mkate. Alirudi dukani akanunua.

Mambo yakakaa hivyo. Wakulima waliacha kupiga simu. Rodah aliendelea kuweka kikombe cha bluu stoo na kukitoa jioni, na mara nyingine kilikuwa kimepungua.

Ijumaa moja, saa kumi na dakika kumi na mbili, Chepchirchir alikuwa ametia mkoba begani alipoona kwamba skrini haijafungwa. Vituo vyote vilikuwa vimesimama vikisubiri. Swali la barua lilikuwa limeulizwa na kujibiwa. Chini yake kulikuwa na swali jingine, na amri yake haikuwa na jibu la hilo.

*Na yako?*

Akasimama. Kwa miaka mitatu hakuna mtu aliyemuuliza hivyo, hata mama yake mzazi. Alivuta kiti akakaa na mkoba ukiwa bado begani, akaweka vidole kwenye herufi za kuandikia hapana, kwa sababu ndiyo kweli yenyewe. Lakini alijua mashine hujibu nini ikiambiwa hapana. Na gari la Siongiroi halisubiri mtu.

Akaandika: *Iko mezani.*

Mashine ikapiga chafya tatu, na vituo vikaanza kupanda kwenye skrini. Chepchirchir alizima taa ya stoo akaliwahi gari.

Jumatatu asubuhi, kabla ya chai, aliufungua ule ukurasa wa amri na kuongeza mstari mmoja chini ya ile barua, ili swali hilo nalo lisimcheleweshe tena.